Nchi Isiyo na Ila

Kabla sijaanza, naomba ieleweke kwamba mimi sina wivu. Wanaonijua watathibitisha. Nchi yetu nayo haina wivu, na ukimsikia mtu akisema inao, muulize kwanza katoka wapi. Bila shaka katoka ng'ambo ya mto.

Nchi yetu ni ndogo. Ukipiga chafya kwenye mpaka wa mashariki, unaitikiwa "afya!" kutoka mpaka wa magharibi. Jina lake silitaji, kwa sababu mwaka juzi ilipita sheria kwamba jina la nchi litajwe na mtu aliyesimama wima, na mimi hapa naandika nimeketi. Ng'ambo ya mto kuna nchi nyingine, ndogo kuliko yetu kwa hatua kumi na nne. Tumepima. Wale hawana bandari, hawana dhahabu, hawana hata timu ya mpira ya kueleweka. Wana miti. Na eti wana furaha.

Habari yenyewe ililetwa na redio wakati wa chakula cha mchana. Baraza la Dunia la Furaha na Misitu limewatunuku wale Kikombe, kwa kuwa wamejenga shule na zahanati pasipo kumaliza misitu yao, na watu wao wanaongoza kwa kuridhika. Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alikuwa ameshika tonge la wali. Akalirudisha kwenye sahani.

"Wale?" akauliza. "Wale wale?"

Hakula siku tatu. Siku ya nne akaunda wizara mpya, Wizara ya Furaha, Misitu na Maendeleo ya Kuwapita Wale, akamteua Mheshimiwa Kinyemi kuwa waziri wake. Kinyemi alikuwa na uzoefu. Kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Mabwawa, na alijenga bwawa kubwa la zege mahali ambapo mto haupiti, ili lisije likaharibiwa na maji.

"Ndugu wananchi," alisema siku ya kuapishwa, "furaha ni jambo zito mno kuachiwa watu binafsi. Kuanzia leo mtafurahi kwa utaratibu."

Mimi, Mbaruku, niliyekuwa karani wa kawaida katika idara ya mihuri, nikapandishwa cheo kuwa Karani Mkuu wa Kuhesabu Furaha. Nilipewa baiskeli.

*

Tatizo la kwanza lilikuwa misitu. Baraza la Dunia linataka nusu ya nchi iwe msitu, na sisi tulikuwa tumebakiwa na ekari arobaini tu, pale Kidimbwi. Mingine yote ilikatwa tupate mbao za kujengea Wizara ya Misitu, ambayo, tuseme ukweli, ilipendeza sana. Waziri Kinyemi hakutishika. Aliwaita wanasheria wakaandika upya maana ya neno: "Msitu ni mahali popote ambapo mtu akiingia hajui atatokea wapi." Siku hiyo hiyo Ofisi ya Ardhi ikahesabiwa kuwa msitu, Mahakama ya Rufaa ikawa msitu wa hifadhi, na tukavuka nusu ya nchi kwa urahisi.

Kwa kuwa sasa tulikuwa na misitu mingi, zile ekari arobaini za Kidimbwi zilionekana ni za ziada. Waziri akapendekeza zikatwe ujengwe Mnara wa Furaha, ghorofa thelathini na tatu, ili mwananchi aweze kupanda juu kabisa na kuitazama misitu ya wale ng'ambo kwa raha zake. Bunge lilipiga makofi dakika saba.

Tatizo la pili lilikuwa furaha yenyewe. Nilipewa fomu yenye swali moja, "Habari?", na chini yake kisanduku cha kujazia jibu. Kisanduku kilikuwa na upana wa kutosha neno moja. Nikapanda baiskeli nikaanza kazi.

Ndugu msomaji, sijawahi kuona watu wenye furaha kama watu wetu. Nilimkuta mzee mmoja amekaa juu ya matofali meusi, nikamuuliza habari za nyumbani. "Nzuri, ila imeungua jana," akajibu. Nikaandika: Nzuri. Nilipita kwenye msiba, nikamuuliza mfiwa habari. "Salama, ila ndiyo hivyo, kaka katutoka." Nikaandika: Salama. Mwanamke mmoja alikuwa amelala kitandani wiki ya tatu, hawezi kuinua kichwa. "Njema," akaninong'oneza, "ila..." Sikungoja amalize, maana wino ulikuwa wa serikali na kisanduku kilikwisha kujaa.

Kidimbwi niliingia mwisho. Pale msituni pana chemchemi, na mwangalizi wake ni Bi Sikudhani, mama wa makamo ya kwenda uzeeni, mwenye pengo la jino la juu na sauti ya kuamrisha. Kaya mia mbili zinachota maji pale.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Habari za hapa?"

"Njema, ila nasikia mnataka kutukatia msitu. Huu ukikatwa, chemchemi inakauka. Haina wiki mbili. Mimi niliona ya kule Mlalo wa juu, walikata asubuhi, na kabla ya Ijumaa ya pili tukawa tunachota tope. Sasa watu wote hawa waende wapi? Kwenye bwawa lenu lile la zege?"

Nikaandika: Njema.

Akainama juu ya karatasi. "Umeandika yote?"

"Nimeandika inayohusika."

"Na ila yangu je?"

"Haikuenea, bibi."

Akanichotea maji ninywe, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Maji yalikuwa baridi na matamu. Nikashukuru, nikaondoka. Hesabu ya taifa zima ilitoka mwezi uliofuata: furaha mia kwa mia.

*

Tulituma matokeo kwa Baraza la Dunia pamoja na katiba ya furaha, ambayo tuliinakili kutoka kwa wale neno kwa neno, tukifuta jina lao na kuweka letu. Hatukuisoma. Ingekuwa utovu wa adabu kupekua mambo ya jirani. Baraza likajibu kwa barua fupi. Limefurahi kuona kifungu chetu cha tisa, kinachosema kwamba hakuna mradi utakaojengwa mahali ambapo mwananchi ana ila. Je, tunaweza kulipelekea Baraza daftari la ila la watu wa Kidimbwi?

Waziri alishangaa kidogo, kisha akaelewa kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angeelewa. Ila ni kasoro. Ila ni dosari. Basi akapelekwa daktari wa serikali Kidimbwi, akawapanga watu foleni akawakagua mmoja mmoja, meno, macho na nyayo. Bi Sikudhani alipewa cheti chenye mhuri: "Ila: jino moja la juu halipo. Kovu gotini, la utotoni. Vinginevyo mzima." Serikali ikagharamia jino la bandia ili ila hiyo iondoke, na tukapeleka vyeti vyote kwa Baraza.

Vilirudi. "Hii siyo ila tuliyoulizia," waliandika. "Tunakuja wenyewe mwezi ujao."

Ndipo Waziri aliponiita. "Mbaruku, nenda ng'ambo. Kapeleleze hiyo ila yao ni mdudu gani."

Hapa sina budi kueleza jambo moja dogo ambalo halina umuhimu. Mke wangu, Mwanakombo, yuko ng'ambo. Aliondoka miaka mitatu iliyopita, Jumanne asubuhi, na sanduku moja na jiko la mkaa, na sasa ameolewa na bwana misitu wa kule anayeitwa Chande. Nasikia ana meno mazuri. Meno ni majaliwa ya Mungu, mimi simwonei mtu wivu.

*

Barabara ya wale ni aibu. Ya kwetu imenyooka kutoka ikulu hadi kwenye bwawa, na inapitika dakika tano. Ya kwao inazunguka kila mti. Nilihesabu kona mia moja na tatu, na dereva ananiambia kwa fahari huu ni mvule, ule ni msizi, kama vile ananitambulisha kwa wakwe zake. Taa za barabarani hawana. Hoteli niliyofikia ina vyumba sita na wali wake hauna chumvi. Niliyaandika yote haya kwenye ripoti, kwa herufi kubwa.

Mlinzi wa kivuko, mzee mwenye kofia ya ukindu, alinipokea kwa mkono.

"Habari yako, mgeni?"

"Nzuri."

Akavuta kigoda akaketi. Akanitazama.

"Ila?" akauliza.

"Ila nini?"

"Nakusubiri wewe."

"Mimi sina ila."

Uso wake ukabadilika. "Pole sana," akasema, akanishika bega kama anayempa pole mfiwa.

Kila kijiji cha wale kina banda la makuti lenye vigoda na karani mmoja. Mtu anaingia, anaulizwa habari, anajibu nzuri kama binadamu yeyote mwenye adabu, halafu yule karani anaweka kalamu tayari na kusema: "Ila?" Hapo ndipo kazi inaanza. Wakitaka kujenga shule, wanapita kwanza kwenye daftari lile wakisoma ila za watu wa pale. Shule inahama mita mia mbili, mti unabaki, barabara inapata kona nyingine. Kazi ya siku mbili inachukua miezi minane. Nilicheka peke yangu.

Katika banda la tatu nilimkuta Mwanakombo. Alikuwa amenenepa.

"Mbaruku! Umekonda, jamani."

"Ni mazoezi. Habari za huku?"

"Nzuri, ila," akasema, na akaanza. Nyani wamekula mahindi yake, na sheria inakataza kuwarushia hata kijiwe. Soko liko mbali. Mume wake anakoroma. Paa linavuja upande wa jikoni na wamekatazwa kukata nguzo mpaka mwezi wa nane. Wifi yake ni mmbeya. Alizungumza mpaka chai yangu ikapoa, na mimi nilikuwa nafurahi kwa kila neno, nikihesabu kwa vidole chini ya meza. Zilifika shida kumi na moja.

"Basi rudi nyumbani," nikamwambia.

"Nirudi kwa nini?"

"Una shida kumi na moja, nimezihesabu. Kwangu hukuwa na hata moja. Miaka tisa, kila jioni nikikuuliza habari za kutwa, unaniambia nzuri."

Akacheka, si kwa ubaya. "Nilikuwa nasema nzuri, ila. Ulikuwa umeshafungua redio."

 Papo hapo akaingia Chande, na matope kwenye viatu. Akanisalimia kwa heshima, meno yote nje, kisha akamgeukia yeye. "Habari za kutwa, mama?" Akavuta kigoda, akakaa karibu, na Mwanakombo akaanza upya, tangu kwenye nyani. Bwana yule hakutazama saa hata mara moja. Meno yake niliyavumilia. Kile kigoda ndicho kilichoniumiza roho. Niliaga upesi, nikasema vumbi limeniingia machoni, na wote wawili wakanipa pole ingawa mvua ilikuwa imenyesha asubuhi.

*

"Siri yao ni ila, Mheshimiwa," nilimwambia Waziri. "Ni lile neno lenyewe, lile la baada ya nzuri. Wanaliuliza, wanaliandika, kisha wanalifuata."

Waziri alisimama, akazunguka meza. "Wana ila ngapi?"

"Madaftari sitini na manne."

"Sitini na manne!" Alipiga kofi mezani kwa furaha. "Na hao ndio wamepewa Kikombe? Basi sisi tutawaaibisha. Sisi tutakuwa na sifuri!"

Amri ikatangazwa Jumatatu. Neno lile lilipigwa marufuku nchi nzima, majumbani na sokoni, na bango likawekwa kwenye kivuko: KARIBU KATIKA NCHI ISIYO NA ILA. Mwalimu mmoja wa Kiswahili aliwekwa ndani wiki mbili kwa kufundisha viunganishi. Fundi cherehani Ismaila alipewa barua ya kupunguza jina, sasa anaitwa Isma. Wizara ya Mila na Desturi ilifungwa kwa muda, kwa sababu ya herufi tatu za mwisho za neno Mila, kama Waziri alivyofafanua, na ikafunguliwa baadaye kama Wizara ya Desturi. Mzee mmoja aliyethubutu kutaja methali ya wahenga, kwamba kizuri hakikosi ila, alitozwa faini ya mbuzi, na wahenga wakaandikiwa onyo.

Watu wakazoea, maana watu huzoea. Ulizo lilikuwa lile lile na jibu likabaki "nzuri", halafu mtu anakohoa. Mwenye shida ndogo alikohoa mara moja. Mwenye mgonjwa nyumbani alikohoa mpaka machozi. Sokoni hapakusikika kitu, na Wizara ya Afya ikatangaza mlipuko wa kifua, ikagawa dawa ya maji yenye ladha ya machungwa.

*

Siku ya ukaguzi tulikusanyika Kidimbwi. Upande mmoja viti vya wakubwa, upande wa pili mafundi thelathini na misumeno ya moto, wamesimama chini ya miti yenyewe. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mkaguzi wa Baraza la Dunia, mama mmoja mrefu aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu, angemuuliza mwangalizi wa chemchemi habari. Mimi ningeandika jibu kwenye fomu. Jibu likiwa safi, Kikombe kinatolewa mikononi mwa wale na kuletwa kwetu, na misumeno inaanza saa ile ile. Mimi nilikuwa nimeahidiwa ukatibu mkuu na nyumba yenye baraza mbili. Nawaambia ukweli, baraza hazikunishughulisha. Nilichotaka ni wale wanyang'anywe Kikombe, na Chande asikie habari hiyo redioni akiwa amekaa kwenye kigoda chake.

Waziri Kinyemi alihutubia. "Mgeni wetu mheshimiwa, taifa hili limefikia kiwango cha furaha ambacho hata sisi wenyewe hatukioni. Tumewatoa wananchi ila kama mtu anavyotoa mawe kwenye mchele."

Bi Sikudhani akaletwa mbele. Walimvisha kanga mpya ya Wizara, iliyoandikwa NZURI TU. Jino la bandia lilikuwa mdomoni, na nyuma yake walisimama askari wawili wa kusikiliza kikohozi. Kaya mia mbili zilikuwa zimesimama na ndoo tupu.

"Habari za hapa, bibi?" akauliza Mkaguzi.

Bi Sikudhani aliniangalia mimi. Hakumwangalia Mkaguzi wala Waziri. Alifungua mdomo.

"Nzuri," akasema.

Hakukohoa. Alitoa lile jino la bandia, akalishika mkononi. Nikasikia fundi mmoja anavuta kamba ya msumeno ili kuujaribu, ukanguruma, ukazimika.

Fomu ilikuwa magotini pangu. Kisanduku ni kile kile, neno moja tu. Nilimkumbuka Mwanakombo, siyo yule wa kule aliyenenepa, yule wa kwangu, amesimama mlangoni jioni na mdomo wazi nusu, na mimi mkono uko kwenye kitufe cha redio. Nikaona uchungu ambao hauna fomu. Nikaandika neno moja, kwa mwandiko wangu mzuri wa idara ya mihuri, na likaenea vizuri kabisa.

Mkaguzi akaichukua karatasi, akasoma kwa sauti, kwa lafudhi yake ya kitabuni.

"I-la."

Askari wakatazamana. Hakuna aliyelitamka isipokuwa mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima hakamatwi.

"Ila nini?" akauliza Mkaguzi. Akageuka, akachukua kiti cha Waziri Kinyemi, ambaye alikuwa amesimama tayari kwa wimbo wa taifa, akakisogeza mbele ya Bi Sikudhani, akaketi.

Bi Sikudhani alizungumza mpaka adhuhuri. Alipomaliza, nyuma yake ilikuwa imeshajipanga foleni, mzee wa matofali, mfiwa, Isma fundi cherehani akidai herufi zake. Karatasi ziliisha, tukaandika nyuma ya hotuba ya Waziri.

*

Kifungu cha tisa ni kifungu cha tisa, na kilikuwa na mhuri wetu wenyewe. Misumeno ilirudi mjini kwenye lori lile lile. Kikombe kilibaki kwa wale, na sisi tulishika nafasi ya mwisho, ingawa Redio ya Taifa ilieleza kwamba tumeongoza kutoka nyuma. Mheshimiwa Kinyemi alirudishwa Mabwawa ajenge la pili. Mimi nilifukuzwa kazi kwa kosa la kuandika kwa mwandiko unaosomeka, na baiskeli wakaichukua.

Siku hizi nachota maji mwenyewe, Kidimbwi. Kutoka juu ya chemchemi, kwenye upenyo wa matawi, inaonekana ng'ambo yote, miti kwa miti, na barabara yao ile ya kipuuzi inayopindapinda. Ukikaza macho unaona na paa za vijiji. Huwa nakaza macho.

Jana Bi Sikudhani alinikuta nimesimama hapo, ndoo yangu imejaa na kumwagika.

"Habari yako, mwanangu?"

"Nzuri, bibi."

Nikainua ndoo niondoke. Yeye hakuondoka. Alitandika kanga yake ya NZURI TU juu ya mzizi, akakaa, akanitazama na lile pengo lake.

"Ila?"

Nikaiweka ndoo chini.

"Ila nina wivu," nikasema. "Nina wivu, bibi, roho inaniuma."

Akasogea kidogo, akanipisha nafasi kwenye mzizi.

"Haya," akasema. "Anza."